Kigoda cha Gashe Lemma

Kijiwe chetu kiko Gulele, kwenye kona ambapo Etiye Zenebech hutandaza nyasi mbichi kando ya lami na kutupikia kahawa mara tatu: abol yenye nguvu, tona ya wastani, na bereka, ambayo ni baraka zaidi kuliko kahawa. Mimi nimetembea dunia, nimefua mashuka Jidda, nimeuza miwani Roma, nikarudi na mvi na ufundi wa kuagiza chai kwa lugha nne. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu, na kigoda cha Gashe Lemma kilikuwa kitupu. Kesho yake ilikuwa arobaini yake. Hema la msiba lilishasimamishwa, na binti yake Hirut alitaka picha moja ya baba akicheka, isimame mbele ya waombolezaji. Siku ya mazishi, kwa haraka, tuliweka ile ya kitambulisho, mzee akaonekana kama kakamatwa na kuku wa jirani. Picha za kucheka zilikuwa mtandaoni, kwenye hifadhi ya idir, chama chetu cha kuzikana. Tangu jana hazionekani.

Redio, asiyenyamaza hata akitafuna, ndiye aliyeanza.

— Wamezichukua wakubwa wa mtandao. Picha ya mzee anayecheka ina soko.

— Soko gani? nikamuuliza. Lemma alibaki na meno ya kuhesabika.

— Ndiyo uadimu wenyewe huo. Kizuri chajiuza.

Injinia alikuwa anaokota bisi mojamoja kwenye sahani. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua feni akaifunga, na skrubu zilizobaki akasema ni za akiba.

— Ni mvua hizi, akasema bila kututazama. Picha zinakaa winguni, na mawingu ya msimu huu ni mazito. Zimekwama. Subira yavuta heri, tungoje jua la Meskerem, mvua zikiisha.

— Arobaini ni kesho, Injinia, nikasema.

— Basi labda kaja mwenyewe kuzichukua, akasema Redio. Roho inapita kulekule juu, njia moja na picha. Kaona zake, kabeba.

— Na za harusi ya mwanangu, nikauliza, kabeba za nini?

— Atakosaje zawadi ya kuwapelekea wa huko?

Etiye Zenebech alipunguza makaa chini ya jebena, birika lake la kahawa.

— Injinia, akasema, juzi ulikaa hapa unalia kwamba simu yako imejaa, haimezi hata salamu. Jana ulituonyesha video ya mpira wa watoto, kipindi chote cha kwanza na cha pili. Nafasi uliipata wapi?

Bisi zikaisha sahanini, ila mkono wa Injinia uliendelea kuokota.

— Nilifuta kidogo, akasema.

— Ulifuta nini?

— Niliona picha za watu wengi. Nikajua ni nakala zilizoingia kwenye simu yangu. Kumbe ile hifadhi ya idir ni mfuko mmoja wa wote. Ukifuta kwako, umefuta kwa wote.

— Lakini kuna pipa la taka, akasema Redio. Ndani ya simu. Vitu hukaa humo kwanza.

— Nililimwaga pia. Mama alinilea nisilaze taka ndani.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Redio polepole. Chako kimevunja ukoo.

Ningecheka, lakini nilikumbuka. Hirut aliwahi kuja hapa na simu iliyojaa, na Injinia akamwambia: weka zote kwenye mfuko wa idir, kisha futa simuni, kule haziozi. Mimi nikaongeza kwamba Roma wote wanafanya hivyo. Redio akampigia makofi. Binti akafuta mbele yetu.

Naye huyo akatokea, kajitanda netela, shuka jeupe la msiba.

— Baba zangu, mmeamkaje? Imepatikana?

Injinia alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kabla ya bereka.

— Mwanangu, nimezifuta mimi. Hazirudi.

Etiye akampa Hirut kikombe, naye akakipokea kwa mikono miwili.

— Basi nipeni za kwenu, akasema. Mmekaa naye hapa miaka yote.

Tukatoa simu upesi, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kusamehewa. Tulijipata sisi. Sisi na kondoo wa Pasaka. Sisi na jebena mpya ya Etiye. Sisi tukibishana, Redio mdomo wazi. Kila picha, kigoda kimoja kitupu. Hirut akaichukua simu yangu, akasimama kwenye ile ambayo watatu wote tumepinda kwa kicheko, macho mbele.

— Hapa mlicheka sana, akasema. Nani aliwapiga picha?

Redio alikinyoshea kidole kigoda kitupu. Kila mara Gashe Lemma ndiye aliyeinuka kutupiga picha. Etiye Zenebech aliinamisha jebena juu ya kikombe cha Injinia; yakatoka mashapo tu.

— Nitumie hii, akasema Hirut. Nitaiweka hemani.

— Lakini hayumo, nikasema.

— Wote mnamtazama.

Nikaanza kuitafuta namba yake. Injinia, aliyekuwa ameketi tena ubavuni kwangu, alisogea hadi mwisho wa benchi na kuficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, mbali na simu.