Mwambie Aweke Kwenye Mfumo

Mama zangu wa kanisani na mama zangu wa sokoni, kila mmoja aipokee salamu yake kwa dini yake, mimi nimeshaitoa. Mikutano yote iliyopita ya kikundi chetu nilikuwa najificha nyuma ya yule mama mwenye mwili wake anayekaa pale pembeni ili zamu ya ushuhuda isinifikie. Leo kachelewa, nimeonekana. Chekeni sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Majina sitataja. Mtakaowatambua, naomba muwaache humu humu ndani.

Mnajua ninakofanya kazi. Kampuni kubwa, ina matawi mikoani, inanunua kakao na kujenga vituo vya kuikaushia. Zamani kila idara ilijua mambo yake tu. Stoo hawajui fundi anataka nini, mhasibu hajui kama saruji imefika. Ndipo makao makuu wakaleta mfumo mmoja wa kompyuta wa kusimamia miradi yote kwa pamoja. Kila msimamizi akapewa simu, na kila jioni anajaza kazi ilipofika. Akishajaza, stoo wanaona, mhasibu anaona, mabosi wa Dar es Salaam wanaona. Kazi inayokwenda vizuri inakuwa ya kijani. Isiyojazwa inakuwa nyekundu. Mimi ndiye niliyepelekwa kuusomea, nikarudi kuwafundisha wengine, na nawaambia ukweli, nilirudi nimevimba kichwa. Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, sitausingizia.

Msimamizi wa ujenzi wa kituo cha Njisi alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa wale ambao hamkuzaliwa huku, niwaeleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawaongei uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamke anajificha na mzee anageuka pembeni mpaka apite. Siyo chuki, ndiyo heshima yenyewe. Wengi wameacha siku hizi, ila nyumba niliyoolewa mimi bado wanashika. Hata kazini tuliishi hivyo. Kila Jumatatu wasimamizi walikutana uani, wanakunywa chai na ndizi za kuchemsha, kila mmoja anasema kazi yake. Baba mkwe alimwambia mama wa stoo, mama wa stoo ananiletea mimi. Yumo humu ndani huyo mama. Simtaji, ila asijifunike kitenge.

Mfumo ulipoanza nikaufuta mkutano wa Jumatatu. Wa nini tena, na kila kitu kiko kwenye simu? Moyoni nilifurahi, kwamba sasa mimi na mzee tutafanya kazi bila hata kumsumbua mtu wa kati.

Basi vituo vyote vikawa kijani, Njisi nyekundu. Nikituma ujumbe wa kukumbusha, kimya. Siku moja mama wa stoo akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, mzee anaomba akupe habari za kazi kwa mdomo kama zamani. Anasema kuna jambo."

Nikamjibu bila kuinua macho. "Mwambie aweke kwenye mfumo."

Hakuondoka. "Kasema kuna jambo, mwanangu."

Nikarudia maneno yale yale.

Mtaniuliza ukali ule ulitoka wapi. Kulikuwa na kitu kinaniuma. Siku chache nyuma nilikutana na mzee kwenye njia ya Bujonde, kijijini kwao, nikajibanza kwenye kakao za kando ya njia kama kawaida. Yeye hakugeuka. Alikuja moja kwa moja, ananitazama usoni, nusura tugusane, akapita. Nikasema moyoni, amenidharau. Kwa kuwa nimewekwa juu yake kazini, ameona sina tena heshima ya kupewa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikaibeba ile hasira mpaka ofisini.

Mwisho wa mwezi makao makuu wakapiga simu. "Huyu wa Njisi ana tatizo gani?" Ningeweza kusema nipeni muda nikamsikilize. Nilisema, "Hataki mfumo." Wakamwondoa. Na jengo lake lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Hakuna aliyekwenda kuliangalia, hata mimi.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Umemfukuza baba yangu?" Akafunga nguo zake, akaenda kukaa Bujonde. Nikaacha kuja hapa kwenye kikundi. Niliwaambia naumwa malaria, nanyi mkaniletea uji. Niliunywa ule uji kwa aibu.

Mavuno ya mpunga yalipofika nikaenda kusaidia, kwa kuwa bado mimi ni mke wa nyumba ile. Wifi yangu alikuwa anapepeta uani, akanipa ungo, akaenda kuchota maji. Mara mzee akatoka ndani na fimbo. Sikupata pa kujificha. Akanijia hadi hapa mbele yangu, akanyoosha mkono kunisalimia.

"Ugonile, mwanangu."

Mama zangu, nilikauka. Alinidhania binti yake. Akaendelea, "Mwambie kaka yako arudi kwake. Asigombane na mkewe kwa ajili yangu, yule anafanya kazi yake. Mimi macho yameniishia. Ile simu nilikuwa naona ukungu tu. Nilitaka ajue yeye kwanza, kabla ya mabosi, lakini hapakuwa na pa kupitishia."

Mkono bado ameunyoosha. Kuushika siwezi, kuongea siwezi, ataijua sauti. Nikaweka ungo chini, nikarudi kinyumenyume. Ndipo nikaielewa ile siku ya njiani. Hakunidharau. Hakuniona.

Nilitaka kuomba radhi nikakuta sina njia. Kusema naye siruhusiwi, kuandika hasomi. Nikaenda kwa mama wa stoo nyumbani kwake, yule yule niliyemfukuza mezani kwangu. Angeweza kunirudishia maneno yangu, na ningestahili. Alisema, "Sema yote, nitampelekea. Hata hayo machozi nitamwambia." Akaenda Bujonde kwa miguu yake, akarudi na jibu.

"Mzee amesikia. Kasema siku ile ya mpunga alikuja kujua ni wewe, maana binti yake angemjibu. Anasema usione haya, yeye ndiye aliyekusogelea."

Tulimpeleka hospitali, mume wangu mbele na mimi nyuma. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, wakampasua. La kushoto lilikuwa limeshakufa. Daktari alisema, "Mngekuja mapema." Niliomba makao makuu wamrudishe kazini. Nafasi ilikuwa na mtu mwingine. Niliwaambia wazi kwamba lile neno langu halikuwa kweli. Walinisikiliza, basi.

Mume wangu amerudi nyumbani. Mfumo bado upo, na Jumatatu chai imerudi uani. Anayeshindwa kujaza anasema kwa mdomo, mimi najaza. Na ninyi, wenye uji, mlikuja tena na tena wakati sikuwa na uso wa kuwafungulia mlango. Mama wa stoo, hilo deni lako silimalizi. Ninachowaombeni ni kitu kimoja: mtu wako akinyamaza, usijijibie mwenyewe kwa nini. Nenda. Kama huruhusiwi kwenda, mtume mtu.

Wiki iliyopita nilikuwa naelekea Bujonde, nikamwona mzee anakuja kwa mbali. Kabla sijaingia kwenye kakao, yeye alikuwa ameshageuka, amenipa mgongo, anatazama miti. Ameniona. Nilipita polepole, nalia kwa furaha ya kupewa mgongo. Nilipogeuka nyuma ndipo nikaona ana jembe begani. Ilikuwa asubuhi, saa ambayo zamani angekuwa Njisi, anawaita mafundi wake.

Ndaga fijo, asanteni sana, mama zangu. Naomba nikae.