Daktari wa Viti

Dokta Aristides, bingwa wa akili za watoto na mwenyekiti wa chama cha madaktari, alikaa kwenye basi la Msimbazi akipitia hotuba yake, “Tumsikilize Mtoto”. Mbele yake mama mmoja, amempakata bintiye, alimlalamikia muuza duka aliyeketi naye.

“Mwaka wa pili huu hasemi. Kila nikimpeleka, daktari yuko kikaoni. Ati ni mwenyekiti.”

“Vumilia, dada. Vikao ndivyo vinavyojenga taifa.”

“Basi hongera zake. Viti vya mji huu vina akili timamu!”

Dokta akajifunika uso kwa hotuba.

“Hospitali!” akaita kondakta. Mama akashuka na mwanawe. Dokta hakuinuka; kikao chake kilikuwa vituo viwili mbele.