Tarehe Zenu Kwenye Tiketi

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa vuta hilo pazia, maana wodi hii ina masikio na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno. Nikikohoa ngojeni, nikinyamaza ngojeni vilevile.

Mnanijua mimi fundi mizani. Miaka thelathini na mmoja nimefungua mizani za sokoni, nimewaumbua wauza nyama waliobandika sumaku chini ya sahani, watu wakasema mzee huyu haibiwi hata gramu. Kumbe kila Jumamosi naibiwa, tena mwizi namfuata mwenyewe dirishani. Mganga hajigangi.

Bahati nasibu ya taifa nilianza kuicheza alipozaliwa kitinda mimba. Namba sita: tarehe zenu ninyi wanne, ya mama yenu na yangu. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, kwa sababu aliyechagua namba ovyo anaweza kuziacha, lakini mimi ningeziachaje tarehe za wanangu, halafu zitoke wiki hiyohiyo? Mwishowe nilikuwa nacheza kwa woga tu.

Binti yangu mwalimu, ulinikalisha na kalamu ukanionyesha kwamba nafasi yangu ni moja katika milioni kumi na nne, kwamba kwa tiketi moja kila wiki ningehitaji kuishi zaidi ya miaka laki mbili na nusu ndipo nitarajie zawadi kuu. Nikakujibu, "Basi nimebakiza kidogo." Mkacheka. Mama yenu hakucheka.

Sasa hili la cherehani yake. Ile miezi minne zawadi kuu ilipolimbikizwa bila mshindi, niliibeba alfajiri nikaiuza, nikanunua tiketi mia mbili, zote kwa namba zilezile sita. Ndiyo, mwalimu, funika uso. Muuza tiketi alinishauri nibadilishe namba, nikamwambia sina watoto wengine.

Mama yenu alipopiga ukelele, mkamnyooshea kidole mdogo wenu, kwa kuwa aliwahi kuuza redio ya jirani, nami niliyejua kila kitu nikavua mkanda. Alisema, "Baba, naapa si mimi." Nilimpiga huku namwamini. Nikamfukuza nyumbani, nikambakiza kwenye tiketi. Miaka tisa sasa, kila Jumamosi naandika tarehe yake kwa mkono huu. Mama yenu amekwenda kaburini akiamini amezaa mwizi. Naogopa kukutana naye, wanangu. Naogopa sana.

Mtafuteni. Nasikia anachomelea mageti huko njia ya kiwandani. Msimwambie baba amekusamehe, nani amsamehe nani? Mwambieni mwizi alikuwa baba. Wewe mkubwa ndiye uliyemtupia nguo nje, basi wewe ndiye utakayetangulia kupiga magoti, na usione haya. Nyumba ni yenu wanne, sawa kwa sawa, ila chumba cha mbele chenye dirisha ni chake hata asiporudi, na wewe wa katikati usije ukampangisha mtu. Mizani yangu ya shaba achukue mwalimu.

Nipeni maji. Kidogo... inatosha.

Radhi yangu mnayo. Yeye aipate mara mbili. Mungu awape cha jasho lenu na awatosheleze nacho, asiwape ugonjwa wangu huu wa kungoja.

Bado moja. Chini ya mto kuna tiketi ya leo. Nilimtuma mfagizi wa wodi, ndiyo, hata hapa, hata hivi nilivyo. Droo ni jioni. Mkubwa, ingiza mkono... hapo. Ichane mbele yangu, vipande vidogo vidogo, wala mtu asiifungue redio. Nataka angalau siku ya kufa niwe bila tumaini lile. Namba hizo ziishie kwangu.

Chana, baba. Macho hayaoni tena, nataka nisikie karatasi.

Sisikii.

Mwanangu... mbona nasikia unazisoma namba?