Krimu Isiyoonjwa

Nilikaa nyuma yao kwenye basi. Dada mwoka keki alikuwa amepakata boksi kama mtoto mchanga. Jirani yake, kinyozi kwa maelezo yake mwenyewe, akashindwa kuivumilia ile harufu.

"Keki ya nani hiyo, dada?"

"Ya harusi ya leo. Ya kwanza wameirudisha. Krimu niliitia chumvi badala ya sukari."

"Kwani hukuionja?"

"Daktari kasema nipunguze sukari. Nimeapa siigusi tena."

"Kupunguza na kuapa, wapi na wapi? Ncha ya kijiko itakufanya nini?"

"Hunijui, kaka. Nikionja kijiko, naramba bakuli zima. Sasa hivi gauni linanipwaya, wewe unaniletea habari za vijiko!"

"Basi onja uteme."

"Krimu ya kutema umeiona wapi?"

Mimi pia sijawahi kuiona.

Kinyozi akalitazama boksi. "Na hii je, umeionja?"

Dada akasema taratibu, "Wakiirudisha na hii, sitapata mteja tena mtaa mzima."

"Lete basi nikuonjee mimi."

"Keki ya watu itiwe kidole ndani ya basi? Koma!"

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Dada akashuka, akafunua boksi kidogo, kidole chake kikabaki hewani juu ya krimu. Dereva akaondoa gari. Niligeuza shingo mpaka ikaniuma, lakini mti ukanizuia kuona.

"Kaonja?" kinyozi akaniuliza.