Mama Mashuka na Nyumba Yenye Makanisa Mawili

Baba Paroko, Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya baba yangu na wadogo zangu wawili naomba niwasimulie maisha ya mama yetu, nikikwama kidogo mtanivumilia.

Mama, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Mashuka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya katekista, akabatizwa katika Kanisa Katoliki, kanisa alilolipenda mpaka pumzi ya mwisho. Alianza shule ya msingi ya masista mwaka 1959, akamaliza mwaka 1966, na angeendelea na masomo lau macho ya babu katekista yasingeingia ukungu, ikabidi abaki nyumbani kumsomea masomo ya ibada kwa sauti, kazi iliyomfanya, kama alivyopenda kutania, awe katekista asiye na kanzu.

Tarehe 5 Februari 1971 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, chumba cha mvuke, mapipa ya sabuni na pasi nzito, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2006 akiwa msimamizi. Mashuka ya chumba cha maiti aliyapiga pasi sawasawa na yale ya wodi ya wazazi, na wenzake walipomwambia anajichosha bure, aliwajibu, "Huyo ndiye mgonjwa pekee asiyeweza kulalamika."

Humo ndimo alimokutana na baba, fundi redio aliyeitwa kutengeneza redio ya wafanyakazi, redio ikapona siku ile ile, lakini fundi akaendelea kuja kuikagua kwa miezi mitatu. Tatizo ni kwamba baba ni Mlutheri, tena mtoto wa mwinjilisti, na siku ya posa babu zetu wawili waliketi sebuleni kwa shangazi, dada yake baba, salamu zikaenda vizuri, chai ikamiminwa, kisha babu mwinjilisti akasema kwamba mtu huokolewa kwa neema, kwa kuamini tu.

"Kwa hiyo binti yangu anawafulia wagonjwa bure mbele za Mungu?" akauliza babu katekista.

"Si bure, mzee mwenzangu, ila hiyo si nauli ya mbinguni."

Chai ikapoa, sauti zikapanda, babu katekista akachukua fimbo yake aondoke, na posa ingevunjika pale pale kama shangazi hangesimama mlangoni na kusema, "Wazee, mbinguni kwenyewe hamjafika, na tayari mnagombania mlango! Watoto hawa watazeeka wakiwasubiri?" Babu akarudi kukaa, ingawa alikaa upande.

Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1973, kwa kibali cha askofu, wakajaliwa watoto watatu, mimi na wadogo zangu. Kila Jumapili wazazi wetu walitoka pamoja, wakaagana kwenye njia panda, mmoja kulia, mwingine kushoto, na chakula cha mchana kikawa uwanja wa hoja, mama akisema imani isiyonyanyua hata ndoo ni maneno matupu, baba akisema ndoo hainunui wokovu, nasi watoto tukipitishiana mboga katikati. Hawakutukanana hata siku moja, lakini iliwauma, hasa mama, kwamba mezani walikula pamoja na kwenye Meza ya Bwana hawakuweza. Mwaka 1999, redio ilipotangaza kwamba makanisa haya mawili yametia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili hili la imani na matendo, baba aliongeza sauti, na mama akasema, "Wametuchelewea." Jioni hiyo hiyo walibishana ni upande upi uliokubali zaidi.

Tarehe 20 Agosti 2016 mama alipata kiharusi, kikampoozesha upande wa kulia, na mkono uliozoea kazi ukawa wa kushikwa tu. Alikata tamaa, akagoma kula, akageukia ukutani. Asubuhi moja, baba akimwogesha nami nikishika beseni, alisema, "Fundi, nitaenda mikono mitupu."

"Wote tunaenda mikono mitupu, ndiyo hoja yangu ya miaka yote."

"Usinishinde nikiwa kitandani."

Baba akaendelea kumsugua miguu taratibu. Kisha mama akauliza, "Na wewe usemaye matendo hayaokoi, mbona hukosi kuniogesha?"

"Sikuogeshi ili unipende. Ulishanipenda, ndiyo maana nakuogesha."

"Basi hata mimi nilifua hivyo hivyo. Ulidhani nanunua?"

Baba akalia waziwazi, na mama akaomba uji.

Aliishi karibu miaka miwili zaidi, akaaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2018, nyumbani, baada ya kupokea sakramenti. Siku chache kabla alimwomba baba amwombee akishakufa, baba akamwambia hawezi kumdanganya, kwamba kwao Walutheri aliye mikononi mwa Mungu hahitaji kuongezewa kitu, naye mama akamjibu, "Sikuombi uamini. Nakuomba uwepo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, majirani waliolala kwetu bila kuitwa, Baba Paroko, na Mchungaji aliyekuja kumwona mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu. Misa ya kumwombea itakuwa Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, na baba atakuwa benchi la mbele. Jana mzee mwenzake wa kanisa alimuuliza atafanya nini huko, akajibu, "Wao wataomba, mimi nitashukuru. Mungu atajua kuyapanga."

Mama, lala kwa amani mikononi mwa Mungu wenu nyote wawili, wewe na baba.