Sauti ya Sebuleni na ya Jikoni

Treni ilikuwa nusu tupu. Mbele yangu aliketi mama mtu mzima, amepakata redio ya kaseti aliyoifunga shuka kama mtoto mwenye homa. Jirani yake alikuwa fundi mwenye mkoba wa bisibisi, na fundi akiona redio hanyamazi.

"Shikamoo mama. Imekufa?"

"Marahaba, baba. Ni nzima. Binti yangu kaiunganisha na spika mpya isiyo na waya, iko jikoni. Sasa nikiweka kaseti, sauti inatoka kwanza kwenye spika za zamani sebuleni, halafu jikoni. Anasema ni ubovu. Nashuka kituo kijacho, niipeleke ikatengenezwe."

"Si ubovu hata kidogo. Sauti ikipita hewani huchelewa. Chomoa zile za zamani, utasikia moja tu."

"Kaseti yenyewe ni ya marehemu mume wangu. Alijirekodi siku alipoinunua redio. Ananiita, 'Mke wangu, njoo usikie.'"

Fundi alishusha sauti. "Pole, mama. Basi ndiyo uchomoe, umsikie vizuri."

"Nani kakwambia nataka vizuri?"

Nikageukia dirisha, kama wafanyavyo wadaku wenye adabu.

"Yule bwana hakuwa mtu wa kurudia neno," mama alisema. "Ukikosa kusikia, shauri yako. Leo ananiita sebuleni, kisha ananifuata jikoni."

"Huo ni mwangwi tu, mama."

"Kwako wewe."

Treni ikasimama. "Kituo chako hiki," fundi alisema.

Mama alikaza fundo la shuka. Hakuinuka.