Eucabeth Nyakerario, Fundi wa Turbo wa Masimba

Wachungaji, jamaa na majirani, mimi ni Lorna, kitinda mimba wake, nitaisoma historia ya Mama yote, hata pale karatasi mliyopewa mlangoni iliponyamaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na Ekerenyo, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1986, karo ya sekondari ikakosekana, akajifunza ufundi wa magari kwa mjomba wake mjini Kisii, kisha tarehe 5 Desemba 1992 akaolewa na Mwalimu Ratemo, wakajaliwa watoto watatu.

Kuhusu kazi, karatasi inasema "mama wa nyumbani". Nyumba alikuwa nayo, sawa, na tangu 1998 alikuwa pia na gereji hapa Masimba, akiifunga kila Ijumaa kabla jua halijatua, Sabato ikikaribia. Gari la dizeli lililoishiwa nguvu alilikagua paipu kwanza, ile nyembamba ya vakyumu, yaani ya hewa iliyofyonzwa, inayoiongoza turbo, pampu ya kushindilia injini hewa, akiiziba upande mmoja na kuifyonza, ulimi ukinata ni nzima, na viungo vya paipu za upepo wa turbo akivipaka unga wa mawe laini ya kuchonga ya Tabaka, injini ikingurumishwa, unga unaporuka ndipo panapovuja.

Mwaka wa 2016 Mzee Machogu, mwenyekiti wa kamati iliyoandika karatasi hiyo, alileta pikapu isiyopanda mlima, ameshaambiwa mjini anunue turbo mpya, akamkuta Mama ndani ya ovaroli na bado akauliza fundi yuko wapi. Mama akamjibu, "Fundi alienda kunawa mikono, mzee, amesharudi." Akakuta paipu nyembamba ya vakyumu imepasuka, akakata mwisho mbovu, akairudisha, akaifunga uzi mwekundu wa sweta kama alama yake. Mzee akatangaza sokoni kwamba ametengenezewa na Mwalimu Ratemo, na Baba mnamjua, hata boneti ya gari lake hufunguliwa na wengine.

Mama aliugua mapafu tangu Agosti mwaka jana, na hata kitandani alisikia mrija wa oksijeni ukivuja, akamwonyesha nesi kiungo chenyewe. Alituacha Jumanne, tarehe 6 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na Mzee Machogu, ambaye pikapu yake ilimleta Mama jana, ikapanda kilima chetu na jeneza bila kupumzika. Nimefungua boneti asubuhi hii. Uzi mwekundu bado upo.

Kwa hiyo mwenye kalamu afute "mama wa nyumbani", aandike "fundi", tukianza na wewe, Mzee.

Pumzika kwa amani, Mama, Jumatatu gereji nafungua mimi.